Birika la Sifoni: Kahawa Ipandayo na Kushuka

Huenda umekwisha kukiona chombo hiki kwenye rafu ya duka la vyombo ukadhani ni kifaa cha maabara kilichopotea njia. Ni vyombo viwili vya kioo, kimoja juu ya kingine, vimeshikwa na kiguzo cha chuma. Cha chini ni chupa ya mviringo kama tufe. Cha juu kimekaa kama bilauri kubwa, nacho kina mrija mrefu unaoteremka hadi karibu na kitako cha ile chupa. Chini kabisa kuna kitaa kidogo cha spiriti. Hilo ndilo birika la sifoni, na kazi yake ni kahawa tu.

Tunapenda kukueleza namna ya kulitumia nyumbani, kwani wengi waliolinunua au kuletewa zawadi hulifungia kabatini baada ya jaribio la kwanza. Ni hasara. Kahawa itokayo humo haina mashapo, na ladha ya buni huonekana waziwazi kuliko wengi wetu tulivyozoea.

Sisi wa pwani tumelelewa na kahawa chungu, ile ichemshwayo ndani ya dele na kunywewa kwa vikombe vidogo visivyo na mkono, pamoja na kashata na mazungumzo ya barazani. Hatuna ugomvi nayo. Imekusudiwa kuwa kali, na kuchemka ndiko kunakoipa ukali wake. Kule Kagera mgeni hukirimiwa buni za kutafuna, na hilo nalo lina heshima yake. Lakini mfanyakazi wa mjini arudipo nyumbani jioni, mara nyingi huishia kwenye kijiko kimoja cha kahawa ya kukoroga, ilhali nchi yake hulima buni zinazofuatwa na wanunuzi kutoka ng'ambo.

Wajapani ni miongoni mwa wanunuzi hao. Katika miji yao ziko nyumba za kunywea kahawa, ziitwazo kissaten, na baadhi yake hutengeneza kahawa kwa birika hili hili, mbele ya macho ya mteja. Kono walianza kuuza sifoni huko mwaka 1925. Katika nyumba hizo si ajabu kukuta kahawa iitwayo Kilimanjaro. Hilo ni jina la kibiashara ambalo Wajapani wameipa arabika ya Tanzania, hata iliyochumwa Mbinga au Mbozi, mbali kabisa na mlima wenyewe. Mkulima wa Mbinga akisikia, sijui atacheka au atanuna.

Hata hivyo chombo chenyewe hakikuzaliwa Japani. Vya kwanza vilionekana Ujerumani katika miaka ya 1830, na mwaka 1841 mama mmoja wa mji wa Lyon, Ufaransa, ajulikanaye kwa jina la Madame Vassieux, alipata hati ya haki ya ubunifu kwa birika lake la vioo viwili.

Kabla ya kuwasha moto, yafaa ujue kinachotendeka ndani, maana asiyejua hushindwa kurekebisha kosa. Hewa na mvuke vilivyo katika chupa ya chini hutanuka vikipata moto. Mdomo wa chupa umezibwa kwa mpira, kwa hiyo havina pa kutokea. Hukandamiza maji, na maji hayana njia ila mrija. Hupanda juu yote, isipokuwa kiasi kidogo ambacho mrija haukifikii. Usijali hayo yaliyobaki. Ndiyo yanayoendelea kutoa mvuke, na ndiyo yanayokilinda kioo kisipate moto kikiwa kikavu.

Ukiondoa moto, mvuke hupoa na kuwa maji tena, ambayo huchukua nafasi ndogo mno. Chupa ya chini hubaki na ombwe, yaani nafasi iliyopungukiwa hewa. Hapo hewa ya chumbani huikandamiza kahawa iliyo juu na kuipitisha kwenye chujio. Watu husema kahawa inanyonywa. La, inasukumwa. Kanuni hiyo ndiyo iliyouendesha mtambo wa Thomas Newcomen, uliofungwa Uingereza mwaka 1712 kutoa maji migodini: mvuke ulipozwa ndani ya silinda, na hewa ya nje ikaishusha pistoni. Ewe ushindaye kiwandani, una injini ya kale mezani pako.

Sasa tuanze kazi. Kwa vikombe viwili, chukua maji mililita 300 na kahawa gramu 20, yaani kama vijiko vinne vya chakula vilivyosawazishwa. Kama huna kisagio, kinu na mchi vyatosha, ila usitwange hadi unga laini. Punje ziwe kama za sukari ya mezani. Ukishatwanga, chekecha, na ule unga mwembamba uuweke kwa ajili ya dele.

Chemsha maji kwanza katika birika la kawaida juu ya jiko lako. Ukiyatia baridi utaunguza spiriti nyingi bure. Yatie katika chupa ya chini, kisha ifute nje kwa kitambaa kikavu mpaka lisibaki tone hata moja. Weka chujio la kitambaa mahali pake, vuta mnyororo wake upitie ndani ya mrija na uufunge kwa kile kindoano. Washa kitaa. Kioo cha juu kiegemeze upande kwanza, bila kukikaza; maji yakianza kutoa mapovu, kikaze wima. Muda si mrefu utaona maji yanapanda. Watoto watapiga makofi, na wageni pia.

Maji yakisha kupanda, punguza moto ndipo utie kahawa. Koroga taratibu kwa kijiti cha mti ili unga wote ulowe. Acha dakika moja. Mapovu yanayotokea juu yasikutishe: ni hewa na mvuke vinavyopita kwenye mrija. Dakika ikitimia ondoa moto, koroga mara moja tu, uache. Kahawa itashuka, na mwisho wake hutoa sauti ya kuguguma. Juu patabaki kichuguu cha mashapo.

Je, imechukua zaidi ya dakika mbili kushuka? Umetwanga laini mno, au kitambaa kimeziba. Imeshuka mara moja nayo ni nyepesi kama chai ya jana? Umetwanga kwa pupa. Maji hayapandi kabisa, au yanapanda nusu? Tazama ule mpira wa mdomoni. Ukikauka na kupasuka, mvuke hutorokea hapo. Na kama kahawa ina harufu ya uchachu wa zamani, lawama ni ya kitambaa. Kisuuze kila baada ya matumizi, bila sabuni, ukihifadhi ndani ya maji safi yanayobadilishwa kila siku.

Neno juu ya spiriti, na hapa hatufanyi mzaha. Mwali wake mchana hauonekani vema, na aghalabu aliyeungua alidhani umezimika. Usiongeze spiriti kitaa kikiwa kinawaka au kingali cha moto. Kizime kwa kifuniko chake, usikipulize. Wala usiihifadhi katika chupa ya soda, maana mtoto aionapo chupa ya soda hajiulizi kilichomo. Nayo ile chupa ya kioo usiithubutishe kuiweka juu ya jiko la mkaa.

Utauliza kama gharama hii ni ya lazima. Kwa maoni yangu si ya lazima. Kahawa iliyokaangwa wiki hii, ikatwangwa leo, ikamiminiwa maji ya moto na kuchujwa kwa kitambaa safi, itaishinda kahawa ya zamani iliyopitishwa kwenye sifoni ya thamani. Fedha ikiwa kidogo, nunua buni nzuri kwanza. Bali kama birika unalo tayari kabatini, Jumapili ya leo litoe.

Ukimaliza kumimina vikombe, acha chupa ipoe yenyewe kabla ya kuiosha. Yangu ya kwanza niliipeleka moja kwa moja chini ya bomba la maji baridi, mgeni akiwa bado ameshika kikombe chake. Ilipasuka kwa sauti ndogo tu, kama yai.