Themostati na Kasha Lake: Ufundi na Istilahi katika Njia ya Beni na Butembo

Beni na Butembo ni miji miwili ya Kivu Kaskazini iliyo kaskazini kidogo ya Ikweta, na barabara iiunganishayo ina urefu wa kilomita zipatazo 54. Butembo imeinuka kuliko Beni kwa takriban mita 600. Gari litokalo Beni na shehena, basi, hupanda mlima injini ikifanya kazi nzito. Tena wilaya ya Beni imeshuhudia mauaji ya raia tangu Oktoba 2014. Kukaa kando ya njia kungoja injini iliyochemka ipoe si jambo jepesi huko.

Kwa sababu hiyo, imani moja iliyoenea katika karakana za Afrika Mashariki na Kongo yastahili kuchunguzwa. Inasemwa kwamba themostati iliundwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya, na kwamba katika nchi za joto fundi anaweza kuitoa na kuitupa, ili maji yapite bila kizuizi.

Themostati ni vali ndogo yenye kibweta cha shaba kilichojazwa nta. Injini ikiwa baridi, springi huibana vali, na maji huzunguka ndani ya injini peke yake kwa kupitia njia ya mchepuko. Joto lifikapo kiwango kilichopigwa chapa juu ya kifaa, mara nyingi nyuzi 82 kwa magari ya Kijapani, nta huyeyuka, huvimba na kuisukuma vali. Ndipo maji ya rejeta yapatapo nafasi ya kuingia. Lakini themostati nyingi zina pia kisahani cha pili, ambacho huziba mchepuko wakati vali kuu inapofunguka. Hapa ndipo imani ile inapoanguka. Kifaa kikiondolewa, mchepuko hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto huirudia injini bila kuiona rejeta. Asubuhi za Butembo, ambazo si za joto hata kidogo, injini huchelewa kupata moto na hula mafuta. Mlimani, injini hiyohiyo huchemka. Lawama huangukia rejeta au pampu, vifaa visivyo na hatia.

Kukitafuta kifaa hiki si kazi. Katika injini nyingi hufuatwa bomba nene la mpira litokalo juu ya rejeta. Linapoishia kwenye injini ndipo lilipo kasha. Katika injini kadhaa za Toyota hufuatwa bomba la chini. Fundi wa Butembo huliita bomba hilo durite, kwa Kifaransa. Mwenzake wa Dar es Salaam husema hosipaipu. Kasha, kinyume chake, ni neno ambalo wote wawili wangelielewa bila mkalimani. Tafsiri “kidhibiti joto” ina kasoro yake, kwani feni nayo hudhibiti joto. Themostati, iliyokwisha kuvaa sauti za Kiswahili, yatosha.

Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa moto. Maji hupunguzwa, boliti za kasha hulegezwa, na mkao wa kifaa cha zamani hutazamwa kabla ya kukitoa: upande wa springi na nta huelekea ndani ya injini, na kipini kidogo kipitishacho hewa hukaa juu. Gasketi ya zamani hukwanguliwa yote. Kasha la alumini lililoliwa na maji matupu hadi uso wake ukawa na mashimo halizibwi na gasketi yoyote, libadilishwe. Boliti hukazwa kwa zamu, kidogo kidogo, kisha maji hujazwa na hewa kutolewa.

Kifaa kipya hupimwa kwanza ndani ya sufuria ya maji yanayopashwa moto pamoja na kipimajoto. Fundi wa Butembo anahitaji tahadhari asiyoihitaji fundi wa Mombasa: kwa mwinuko wa mita zipatazo 1,750, maji ya sufuria iliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Themostati ya nyuzi 82 itaanza kufunguka mbele ya macho yake, lakini huenda isifunguke yote, kwa kuwa nyingine huhitaji nyuzi 95 ili kukamilisha. Si mbovu, ndani ya gari, kifuniko cha rejeta huongeza shinikizo, na maji hupata moto kuliko yapatavyo sufuriani.