Miraa ama muguka? Mti ni mmoja, majina ndiyo yanapigana

Itisha jaba kwenye kibanda cha mtaani Nairobi usiku na kuna swali utakaloulizwa kabla pesa hazijatoka mfukoni: ya Meru ama ya Embu? Ukijibu "yoyote tu," muuzaji anajua papo hapo kwamba wewe ni mgeni. Na hata kama hujawahi kutia hayo majani mdomoni (hakuna anayekulazimisha), maneno miraa na muguka unayasikia kila siku kwenye matatu, kwenye taarifa ya habari, na kwa wasee wa maskani. Kuna wanaoyatumia kana kwamba ni neno moja. Kuna wanaoapa kwamba ni mimea miwili isiyohusiana. Kila upande una ukweli wake, na ndiyo maana ubishi hauishi.

Tuanze na mti wenyewe. Wanasayansi wana jina moja tu: Catha edulis. Aliyeuandika kwanza kisayansi ni Peter Forsskål, mtaalamu wa mimea aliyefariki Yemen mwaka wa 1763. Maandishi yake yalichapishwa 1775 na Carsten Niebuhr, waliyekuwa naye kwenye msafara huo. Hilo "Catha" limetokana na neno la Kiarabu, qat. Nenda Ethiopia utasikia chat. Wasomali wanasema qaad ama jaad, Waganda mairungi, na Watanzania mirungi. Hapa kwetu vijana wameongeza veve, gomba na jaba juu ya hayo yote.

Miraa ni neno tulilolipata kwa Wameru, na kwao si neno la mchezo. Ukipanda Milima ya Nyambene, upande wa Igembe na Tigania, utakuta mashamba yenye miti mizee, vigogo vimejipinda kama mkono wa nyanya yako, na mwenyewe atakuambia ilipandwa na babu wa babu yake. Miti hiyo hurithiwa kama ardhi. Katika posa za kimila kuna fungu maalum la miraa, ncoolo, linalopelekwa kwa wazazi wa msichana. Bila hilo, mazungumzo hayaanzi vizuri. Hata majina ya aina zake yana ramani ndani: Kangeta ni soko lililoko kwenye barabara ya kwenda Maua, na pia ni miraa unayoweza kuitisha kwa jina.

Miraa inayotoka huko ni vijiti. Unachubua ganda laini kwa meno, unakula na majani machanga ya nchani. Hufungwa mafungu na kuviringishwa kwenye majani ya mgomba ili isikauke, kwa sababu kemikali inayokesha watu, kathinoni, huanza kupungua mara tu kijiti kinapokatwa, na baada ya siku mbili hivi mzigo hauna maana tena. Sasa unaelewa ni kwa nini zile pikapu za kutoka Maua hukupita barabarani kana kwamba zinakimbizwa na polisi.

Muguka nao una kwao. Shuka kutoka Meru, pitia Tharaka Nithi, uingie Embu, kisha uteremke hadi nyanda kavu za Mbeere: Siakago, Ishiara, Kiritiri. Mahindi huko hukauka mvua ikikosa, lakini mmea huu huvumilia jua. Wakulima huukata usirefuke, ukabaki kichaka, na kinachovunwa ni majani tu. Hayafungwi kwa vijiti. Yanajazwa kwenye mifuko, yanapimwa kwa hela ndogo, na mtafunaji huyachanganya na njugu karanga ama Big G kupunguza uchungu. Bei hiyo ya chini ndiyo iliyoufikisha kila kona ya mji. Na ukiona mtu wa Mombasa ameandika "mogoka," usimcheke. Ile "u" ya wenyeji hutamkwa karibu sana na "o," kwa hiyo sikio lake halikumdanganya.

Kwa hiyo mmea ni mmoja, lakini mazao ni mawili, yenye wakulima tofauti, soko tofauti na mfuko tofauti. Hapo ndipo majina yanaanza kuumiza watu.

Mei 2024, Gavana wa Mombasa Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka katika kaunti yake, akisema unaharibu vijana. Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Soma tena hilo neno: muguka. Miraa haikutajwa. Mkulima wa Mbeere akabaki akijiuliza ni vipi jani lake liwe sumu na kijiti cha jirani yake wa Meru, chenye kathinoni ile ile, kiendelee kupita Mariakani bila shida. Ikulu ikajibu kwamba amri hizo hazina nguvu, kwa kuwa zao hilo linatambuliwa na Sheria ya Mimea ya 2013 na kanuni za miraa za 2023. Mahakama Kuu ya Embu nayo ikasimamisha marufuku hayo.

Ukiniuliza mimi, wazazi wa Pwani hawakuwa wanaota. Kutafuna sana hukunyima usingizi na hamu ya chakula, moyo unaenda mbio, mdomo unachubuka, na wengine akili huvurugika kabisa. Mtoto wa shule anayeweza kununua mfuko kwa pesa za nauli ni tatizo la kweli. Lakini huwezi kulitatua kwa kupiga marufuku jina moja la mmea na kuacha lingine. Hata wakubwa wa dunia hawajakubaliana: kathinoni yenyewe imo kwenye orodha ya kimataifa ya dawa zinazodhibitiwa, ila mmea haumo, na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipouchunguza 2006 hawakupendekeza uingizwe. Uingereza haikungoja. Ilifunga mlango Juni 24, 2014, na Meru ikapoteza soko lake kubwa la Ulaya kwa siku moja. Somalia nayo ilizuia ndege za miraa Machi 2020, wakati wa korona, ikafungua tena Julai 2022.

Na kama una safari ya kwenda Moshi kupitia Taveta, kagua begi lako vizuri. Ulichonunua kihalali upande huu kwa jina la miraa, ukivuka Holili kinaitwa mirungi, na sheria ya Tanzania ya 2015 inakiweka pamoja na dawa za kulevya. Askari wa pale hatakuuliza kama ni ya Meru ama ya Embu.