Istilahi za Upimaji wa Matangazo ya Mtandaoni

Hivi karibuni tuliletewa waraka wa kampuni moja ya biashara ili tuukague Kiswahili chake. Katika ukurasa wa pili tulikuta sentensi hii: "Mshirika atalipwa kwa kiwango cha ubadilishaji." Mhasibu aliyeusoma kabla yetu alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Wa benki gani?"

Swali lake lilikuwa la haki. Katika Kiswahili cha ofisi na cha magazeti, kiwango cha ubadilishaji ni thamani ya shilingi mbele ya fedha za kigeni. Mfasiri alikusudia jambo jingine kabisa. Alikusudia kueleza kwamba, kati ya watu waliolibofya tangazo, baadhi yao hununua, na kwamba malipo yatafuata hesabu ya hao walionunua. Neno la Kiingereza alilokuwa nalo mbele yake hutumika kwa kubadili fedha, kwa kuongoka katika dini, na kwa mtazamaji anayegeuka kuwa mnunuzi. Yeye akachukua maana ya kwanza iliyomjia. Kwa kuwa makosa ya aina hii yamekuwa mengi, na kwa kuwa vijana wengi sasa hutia fedha zao katika biashara hii kwa kutegemea maelekezo yaliyotafsiriwa, twaona yafaa kuzieleza istilahi zake kwa kirefu kidogo.

Biashara yenyewe si ngumu kueleweka. Mwenye duka hutangaza kwamba yeyote atakayemletea mnunuzi atapewa sehemu ya bei. Kampuni ya Amazon ya Marekani ilianza mpango wa namna hii mwaka 1996, ilipokuwa bado ni duka la vitabu. Mleta wateja hupewa kiungo chenye alama yake. Mtu akikibofya, kumbukumbu ndogo iitwayo kidakuzi huwekwa katika simu au kompyuta yake, na akinunua kabla ya muda uliowekwa kwisha, kamisheni huandikwa kwa jina la aliyemleta. Wako waleta wateja ambao hununua matangazo kwa fedha zao wenyewe, wakilipa kwa kila mbofyo. Hapo ndipo penye hatari: fedha hutoka kwa mbofyo, lakini huingia kwa mauzo. Istilahi yoyote inayoyachanganya mambo hayo mawili humtia mtu hasara.

Tuchukue mfano wa kudhania. Mtu ana matangazo mawili ya bidhaa moja. Kila moja limeonekana mara 2,000. Tangazo la kwanza limebofywa mara 40 na kuleta wanunuzi 2; la pili limebofywa mara 24 na kuleta wanunuzi 6. Kila mbofyo hugharimu shilingi 100, na kila mauzo huleta kamisheni ya shilingi 1,500. Anayetazama mibofyo peke yake atalisifu tangazo la kwanza. Lakini tangazo hilo limekula shilingi 4,000 na kurudisha 3,000. La pili limekula 2,400 na kurudisha 9,000.

Kwa hesabu hii twahitaji maneno matatu ya vitu vinavyohesabiwa. Kila mara tangazo linapotokea mbele ya macho ya mtu, twapendekeza kuita mwonekano, wingi wake mionekano. Wengine wameandika "onyesho", lakini wingi wake, maonyesho, una wenyewe tayari, na msomaji atafikiri juu ya Sabasaba. Mbofyo, wingi wake mibofyo, limekwisha kukubalika, nasi hatuna sababu ya kuligusa. La tatu ndilo lililomsumbua mfasiri wetu. Twapendekeza utimizo, yaani mtu kutimiza tendo lililokusudiwa na mwenye tangazo. Tulifikiria kusema "mauzo" tu, lakini si kila tangazo hutaka mauzo. Jingine hutaka mtu ajiandikishe, jingine apige simu. Mkataba wowote hauna budi kueleza utimizo wake ni upi.

Kisha yapo maneno ya uwiano. Idadi ni hesabu ya vitu. Uwiano ni hesabu moja ikilinganishwa na nyingine. Mibofyo ikigawanywa kwa mionekano hutupa uwiano wa mibofyo, ambao katika mfano wetu ni asilimia 2 kwa tangazo la kwanza na asilimia 1.2 kwa la pili. Utimizo ukigawanywa kwa mibofyo hutupa uwiano wa utimizo: asilimia 5 na asilimia 25. Tumeona maelekezo yanayotumia neno "kiwango" kwa yote haya, pamoja na idadi yenyewe, pamoja na bei. Neno hilo limefanyishwa kazi nyingi mno.

Sasa tufike kwenye upimaji. Kupima matangazo kulianza zamani kabla ya intaneti. Claude Hopkins, mwandishi wa matangazo wa Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1923 jinsi kuponi zilizokatwa magazetini na kurudishwa kwa posta zilivyowekewa alama, ili ijulikane kila moja imetoka katika tangazo lipi. Kanuni ya kugawa kwa kura ilitoka shambani. Ronald Fisher, aliyekuwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, alifundisha kwamba vitalu vigawiwe mbolea kwa kura, ili rutuba ya upande mmoja isije ikadhaniwa kuwa ni kazi ya mbolea. Kitabu chake juu ya mpango wa majaribio kilitoka mwaka 1935. Walimu wa kilimo watatambua mara moja kwamba tunazungumzia shamba la majaribio. Siku hizi vitalu ni watu. Kompyuta humpangia kila mtazamaji, kwa kura, tangazo la kwanza au la pili, na yote mawili huonyeshwa katika muda ule ule.

Jambo hilo la muda ndilo lililotufanya tupendekeze upimaji sambamba. "Jaribio" peke yake halitoshi. Mtu anayeonyesha tangazo moja katikati ya mwezi na jingine siku ya mshahara naye husema amejaribu, kumbe alichokipima ni mifuko ya watu. "Mtihani" ni wa shule, na "majaribu" tuwaachie wahubiri.

Ipo istilahi moja zaidi ambayo imewapotosha hata wasomi, nayo ni "umuhimu wa kitakwimu". Katika mfano wetu wanunuzi wote ni 8, wamegawanyika 6 na 2. Je, tofauti hiyo yaaminika? Tukirusha sarafu mara 8, uwezekano wa upande wowote mmoja kutokea mara 6 au zaidi ni 74 katika 256, yaani zaidi ya mara moja katika kila nne. Kwa hiyo mgawanyiko kama huo waweza kutokea hata kama matangazo yote mawili yana nguvu sawa ya kuleta wanunuzi. Mpimaji mwenye busara angesubiri wanunuzi wengi zaidi kabla ya kulitupa tangazo la kwanza. Wanatakwimu hapa hawasemi juu ya umuhimu hata kidogo. Tofauti yaweza kuwa ndogo, isiyo na faida kwa mtu, na bado ikawa si ya bahati. Twapendekeza tofauti isiyo ya bahati nasibu. Ni ndefu, lakini haidanganyi.

Limebaki jina la mleta wateja mwenyewe, na hapa tulibishana sana. Mshirika kwetu ni mwenye hisa au mwanachama wa ushirika. Huyu hana hisa yoyote. Wakala humwakilisha mwenye mali, na tangu kuja kwa fedha za simu neno hilo limepata kibanda chake. Winga wa Kariakoo huongeza cha juu yake katika bei, ilhali huyu bei haigusi. "Mfanyabiashara wa viungo", lililopendekezwa kwa nia njema, litamfikisha msomaji Zanzibar kwenye karafuu, kama halikumfikisha mahali pabaya zaidi. Twapendekeza dalali wa mtandaoni, kwa sababu dalali hukutanisha watu wawili na kulipwa biashara ikikamilika. Wenzetu walipinga kwamba madalali hawana sifa njema. Sisi twaona hilo lina manufaa. Mwaka 2009 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilieleza wazi katika mwongozo wake kwamba hata mwandishi wa mtandaoni anayelipwa kusifu bidhaa hana budi kulidhihirisha hilo. Neno dalali hulidhihirisha lenyewe.

Sentensi ya waraka ule tuliirudisha ikisomeka hivi: "Dalali wa mtandaoni atalipwa kamisheni kwa kila utimizo, yaani kila mauzo yaliyokwisha kulipiwa." Mhasibu aliuliza swali moja tu, kamisheni ni asilimia ngapi. Tulipotazama nakala ya Kiingereza, nako hakukuwa kumeandikwa.