Wiki tatu kitandani zilizidi miaka 30

Muulize Mkenya yeyote ni kwa nini wanariadha wetu huwatoa wengine jasho, na aghalabu atakujibu, "Ni damu." Bengt Saltin hakuridhika na majibu ya aina hiyo. Mtaalamu huyu kutoka Sweden, aliyezaliwa mwaka 1935 na kuaga dunia 2014, alitumia maisha yake kuchunguza jinsi misuli inavyopata nguvu na kinachoifanya ichoke.

Wenzake nchini Sweden walikuwa wakitumia sindano nene kutoa kipande kidogo cha nyama ya paja, ili kupima sukari ya akiba iliyomo, iitwayo glaikojeni. Mwaka 1967 walitangaza pamoja matokeo ya majaribio yao. Watu walewale waliendesha baiskeli ya maabara baada ya kula vyakula tofauti. Walipokula mafuta na protini pekee, walichoka baada ya dakika 57 kwa wastani. Kwa chakula cha kawaida walifika dakika 114, na kwa vyakula vya wanga, dakika 167! Anayeudharau ugali na afikirie upya.

Lakini jaribio linalokumbukwa zaidi lilifanyiwa mjini Dallas, Marekani, mwaka 1966. Vijana watano wenye umri wa miaka 20 hivi, wote wazima, walilazwa kitandani wiki tatu mfululizo. Kutembea kulikuwa marufuku. Walipoinuka, uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulikuwa umepungua kwa zaidi ya robo, kwani moyo haukusukuma damu kama awali. Kisha walifanya mazoezi makali kwa takriban miezi miwili, na uwezo huo ukarejea.

Mnamo 1996 watu hao watano walitafutwa tena. Sasa walikuwa wazee wa miaka 50, vitambi vimejitokeza, na mafuta mwilini yameongezeka maradufu, kutoka asilimia 14 hadi 28. Hata hivyo, walipopimwa ilibainika kwamba miaka 30 ya kuzeeka ilikuwa imewapunguzia nguvu kidogo kuliko zile wiki tatu za kulala. Isitoshe, miezi sita ya mazoezi ya polepole iliwarudishia kiwango walichokuwa nacho wakiwa vijana, kabla ya kulazwa.

Na hiyo damu ya Wakenya je? Mwaka 1990 Saltin alifika Iten, katika Bonde la Ufa, akiwa na wakimbiaji mahiri wa Skandinavia. Walipigwa kumbo na wanafunzi wa shule ya upili. Saltin alipowapima, aligundua kwamba wakimbiaji bora wa pande zote mbili walitofautiana kidogo sana katika uwezo wa kutumia oksijeni. Tofauti ilikuwa kwamba Mkenya, kwa mwendo uleule, alitumia nguvu kidogo, na asidi inayoambatana na uchovu ilijikusanya polepole katika damu yake.

Kuna kipimo kingine ambacho wazazi wa mjini wangefaa kukijua. Wavulana waliozoea kwenda shule kwa miguu, mwendo mrefu kila siku, bila kushiriki mashindano yoyote, walikuwa na uwezo uliowazidi kwa takriban asilimia 30 wenzao wasiotembea hivyo. Hao wasiotembea, Wakenya halisi, walilingana na vijana wa kawaida wa kwingineko duniani.