Nyumba ya Magurudumu Kando ya Bahari

Mtu wa pwani akisikia "karavani" hukumbuka karwani, neno la Kiajemi, na misafara ya wapagazi kutoka Bagamoyo hadi Tabora. Kumbe Uingereza neno hilo ni kijumba cha magurudumu chenye kitanda, meza na jiko, nacho huvutwa na gari hadi ufukweni.

Mjini Blackpool siku ya mapumziko haina haraka. Asubuhi watu hunywa chai mlangoni, na maji yakikupwa watoto huchimba mchanga. Mchana huliwa samaki wa kukaanga na chipsi. Samaki hana haja ya kuchinjwa, lakini Mwislamu na aulize mafuta, kwani wako wanaokaangia ya ng'ombe. Mwezi wa Juni jua huchwa saa tatu na nusu za usiku zimepita, basi Magharibi huingojea mtu hadi akasinzia!

Wapo pia punda wa kupandisha watoto. Ndugu zetu wa Lamu watacheka: kwa kanuni za mji, punda hao hupumzika kila Ijumaa.

Wanadamu nao je? Zamani viwanda vya pamba vya Lancashire vilifungwa wiki nzima kila mwaka, wafanyakazi wakaenda Blackpool bila mshahara. Sheria ya mwaka 1938 ndiyo iliyosaidia kueneza likizo yenye malipo.

Naam, kupumzika si uvivu, ni haki. Sisi bahari tunayo mlangoni. Je, kuli wa bandarini na mtumishi wa nyumbani wana siku ya kuketi wakaitazama?