Kivu: Sukari ya kahawia ya gato si ile ya sokoni

Mama mwenye kupika gato za kuuza, iwe Goma ao Bukavu, siku hizi anajifunza mengi kwenye simu. Maelezo yanamwambia: gramu 200 za «cassonade brune». Anaenda sokoni, ananunua sukari ya rangi ya dhahabu yenye kutoka Uganda, anaichanganya na siagi. Gato inatoka kavu, imepasuka juu, na punje za sukari zinasikika kwenye meno. Mayai, siagi na makala vimepotea, na mwenye kuagiza gato ya sikukuu anangoja. Wengi wanalaumu unga. Mara nyingi tatizo liko kwenye sukari.

Sukari ile ya sokoni ni sukari ya miwa ambayo haikusafishwa hadi mwisho. Punje zake ni kubwa na kavu, na utomvu kidogo tu umebaki juu yake. Sukari ya kahawia iliyokolea ni kitu kingine: ni laini, ina unyevu, na ukiifinya mkononi inashikamana kama udongo. Viwanda vingi huitengeneza kwa kuchukua sukari nyeupe na kuirudishia melasi, ule utomvu mweusi mzito wenye kubaki kiisha punje za sukari kutolewa. Kwa ile iliyokolea, melasi hufika karibu asilimia 6,5. Kwa ile nyepesi, karibu 3,5.

Jina nalo linachanganya watu. Nchini Ufaransa, «cassonade» ni sukari kavu ya miwa, na ile laini huitwa «vergeoise». Nchini Ubelgiji, ile laini ndiyo «cassonade». Sisi Kifaransa chetu kilipitia kwa Wabelgiji, lakini video nyingi zinatoka Ufaransa. Basi kabla ya kupima, angalia kwanza anayefundisha yuko inchi gani.

Kazi ya melasi si rangi tu. Sukari za aina mbili zilizomo ndani yake, glukozi na fruktozi, zinavuta maji na kuyashika. Ndiyo sababu gato inakaa laini siku kadhaa. Tena melasi ina uchachu kidogo, na uchachu huo ndio unaoamsha bikarbonati. Ukiweka sukari nyeupe na bikarbonati bila kitu kichachu, gato haiinuki vizuri na inabaki na ladha ya sabuni. Maji ya limau kidogo ao maziwa ya kuganda yanasaidia.

Mwenye kupata melasi ya chakula anaweza kujitengenezea: gramu 200 za sukari nyeupe, vijiko viwili vya supu vya melasi, kisha kusugua kwa uma hadi rangi iwe moja. Ile ya kulisha ngombe, hapana. Asiyepata melasi atwange sukari ya kahawia ya sokoni hadi iwe laini kama unga, aongeze kijiko kimoja cha asali. Ladha haitakuwa ileile, lakini unyevu utakuwepo. Sukari nguru iliyokwaruzwa inakaribia zaidi.

Inasikitisha kutafuta melasi mbali wakati miwa inaota kwetu, katika bonde la Ruzizi. Kiwanda cha sukari cha Kiliba, karibu na Uvira, kilizimwa na vita mwaka wa 1996 na kikakaa miaka mingi bila kusaga muwa.

Kwenye nyama, nusu kijiko katika supu ya tomati kinapunguza ukali wake. Kwa nguruwe ya kuchoma juu ya mbabula, ipakwe mwishoni, maana inaungua mbio na kuwa chungu.

Wagonjwa wa kisukari wasidanganywe na rangi: madini yaliyomo ni machache mno, na mwilini inapandisha sukari ya damu kama ile nyeupe.

Ikigeuka jiwe kwenye kopo, usiitupe. Weka kipande cha mkate ndani, funga vizuri, na kesho yake itakuwa imelainika.