Daraja la Dona Ana, Msumbiji

Katika nchi jirani ya Msumbiji, makaa ya mawe ya Moatize, jimboni Tete, hayawezi kufika bandari ya Beira kwa reli pasipo kuvuka Mto Zambezi. Kazi hiyo hufanywa na daraja la Dona Ana, liunganishalo Mutarara na Sena, lililofunguliwa mwaka 1935 chini ya ukoloni wa Kireno. Urefu wake wapita kilometa 3 na nusu.

Mwenye nia ya kulifunga daraja refu namna hiyo hana haja ya kulibomoa lote, wala ya kuyafikia machimbo yenyewe. Katika miaka ya 1980 waasi wa Renamo walilipua sehemu kadhaa tu za chuma kati ya nguzo, na treni zikakoma kuvuka. Malawi, isiyo na pwani, ikalazimika kupitisha mizigo yake mbali, hata Durban na Dar es Salaam.

Amani ilipatikana mwaka 1992. Daraja likatengenezwa mwaka 1995, lakini kwa magari tu. Treni zilirejea mwaka 2009, na mwaka 2011 makaa ya Moatize yakaanza tena kusafirishwa kwa wingi hadi Beira.